Ngalawa za Kujifunzia Raskazone: Tathmini ya Mwalimu wa Kikundi Kilichochangamka

Huduma ninayoitathmini hapa inaendeshwa na ndugu wawili wa Tanga waliokulia katika uvuvi, ambao mwisho wa wiki huzipumzisha ngalawa zao mbili na kazi ya nyavu na kuzikodisha, pamoja na wao wenyewe, kwa watu wanaotaka kujifunza kuendesha chombo cha tanga kwa ajili ya burudani. Safari huanzia kwenye kipande cha pwani cha Raskazone, huchukua saa tatu hivi ukijumlisha na mafunzo ya nchi kavu, na ada yake ni shilingi 20,000 kwa kila mtu, ndani yake mkiwa na jaketi la kujiokolea, maji ya kunywa na kahawa ya kumalizia. Kila ngalawa huchukua wanafunzi wanne na nahodha wake, kwa hiyo kikundi cha watu wanane ndicho kinachoenea sawasawa.

Mimi ni mwalimu wa mazoezi ya viungo. Naongoza kikundi cha watu wazima wa Chumbageni na Ngamiani ambao hukimbia pamoja alfajiri, na nimekuwa nikiwapeleka kwa ndugu hawa kwa zamu, nikifundisha bega kwa bega nao, kwa kuwa kazi ya tanga niliifahamu tangu utotoni kwa mjomba wangu. Kwa sababu hiyo tathmini yangu inatoka upande wa mwalimu, na jambo ninalolipima ni moja: je, huduma hii inamwezesha mtu kufundisha kikundi cha watu wachangamfu waliokuja kufurahi, bila kuwapoza na bila kuwahatarisha? Jibu langu ni ndiyo, tena kwa kiwango ambacho sijakiona kwingine hapa Tanga, ingawa yapo mambo ambayo wenye huduma wanapaswa kuyarekebisha, nami nitayaeleza bila kuyapunguza.

Inafaa kwanza nieleze wanafunzi wangu ni watu wa namna gani, maana mafunzo yanayomfaa kijana anayetafuta ubaharia wa kazi yanaweza kumchosha kabisa mtu wa aina yao. Kikundini mna wauguzi wawili wa Hospitali ya Bombo, karani wa benki, fundi cherehani, mama lishe, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Babu, na bwana mmoja Msambaa wa Lushoto aliyeoa Tanga mjini na ambaye kwa sababu hiyo kila mtu humwita Shemeji. Hakuna anayetaka cheti, hakuna anayekusudia kuvua, na hakuna anayejiandaa kwa mashindano. Wanakuja baada ya wiki nzima ya kazi, wanazungumza wote kwa pamoja, wanataniana, wanaimba, na mtu akifunga fundo likafunguka hupigiwa makofi kama aliyefaulu. Mwalimu aliyezoea darasa lenye madawati akikabidhiwa watu hawa anaweza kudhani kwamba hawamsikilizi. Wanamsikiliza vizuri sana, ila jambo halikai vichwani mwao mpaka mikono yao iwe imeligusa, na mwalimu akiliheshimu hilo atapata wanafunzi ambao hawaoni haya kuuliza, hawaoni haya kukosea, na humsaidia mwenzao kabla hata mwalimu hajafika. Nimewahi kufundisha vijana waliochaguliwa kwa vipaji vyao, lakini sijawahi kurudi nyumbani nimeridhika kama ninavyoridhika baada ya asubuhi moja na kikundi hiki.

Uzuri wa kwanza wa huduma hii ni chombo chenyewe. Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye mirengu, yaani miti ya kulisawazisha, pande zote mbili, mlingoti mfupi, foromali, yaani boriti ya kushikia tanga, iliyotundikwa kwa mshazari na tanga la pembe tatu, na kila kimoja kati ya vitu hivyo kiko wazi mbele ya macho ya mwanafunzi. Kwenye boti ya injini mwanafunzi hana la kufanya zaidi ya kukaa na kupigwa na upepo, na kwenye jahazi kamba ni nyingi na tanga ni zito kiasi kwamba mgeni huambiwa akae kando asije akaumia. Ngalawa ni nyepesi hata humwitikia mtu asiye na nguvu nyingi, na mirengu yake huizuia isipinduke kwa urahisi pale mwanafunzi anapochelewa kulegeza kamba. Kamba ya kuangaliwa zaidi ni demani, ile inayoshika pembe ya nyuma ya tanga: ukiivuta tanga hujaa na chombo hukaza mwendo, ukiiachia tanga humwaga upepo na chombo hutulia. Mtu mzima yeyote akiishika demani kwa dakika chache huelewa kwa viganja vyake mambo ambayo mimi ningehitaji nusu saa kuyaeleza.

Ngalawa za ndugu hawa zimetunzwa. Matanga ni ya kitambaa cha pamba, viraka vyake vimeshonwa kwa uzi mnene, foromali hazina ufa, na kamba zinazofungia mirengu zimekazwa na hazina nyuzi zilizochomoza. Fundi cherehani wetu alipofika mara ya kwanza hakuitazama bahari hata kidogo. Alilikunjua tanga mchangani, akalipapasa mshono wake kutoka pindo hadi pindo, akauliza kwa nini vipande vya kitambaa vimepangwa kufuata upande ule na si mwingine, na nahodha mdogo akakaa chini kumjibu kwa utaratibu, akimwonyesha mahali kitambaa kinapovutwa zaidi na upepo na mahali kinapochakaa kwa kusuguana na foromali. Sasa huyo dada ndiye mwanafunzi wangu bora katika kulisoma tanga. Wenzake hutazama mbele. Yeye hutazama juu, na akiona kitambaa kinaanza kupiga kunyanzi karibu na foromali husema mara moja, "Kaka, demani imelegea, vuta kidogo," na karibu kila mara huwa amepatia. Ujuzi huo ameuleta mwenyewe kutoka dukani kwake. Kazi ya mwalimu ilikuwa kumpa nafasi ya kuutumia, na nafasi hiyo ilipatikana kwa sababu nahodha hakumharakisha pale alipokuwa amepiga magoti juu ya tanga na kuwachelewesha wote kuondoka.

Mafunzo ya nchi kavu hayazidi robo saa, na hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu ndugu hawa kama walimu. Nahodha mkubwa huwaambia wanafunzi wafumbe macho na kugeuza uso taratibu mpaka upepo usikike sawasawa katika masikio yote mawili, kisha kila mtu anyooshe mkono kuelekea unakotoka. Wakifumbua macho hukuta mikono imeelekea pande tofauti, mmoja akionyesha bandarini na mwingine akionyesha Bombo, na hapo huzuka kicheko ambacho nahodha hakikatizi. Hurudia zoezi hilo hilo mara ya pili, na safari hii mikono huwa imekaribiana. Baada ya hapo hutaja majina ya vitu vinne tu: kana, yaani mkono wa usukani, demani, foromali, na joshi, yaani upande unakotoka upepo. Mengine yote huyaacha yafundishwe baharini pale yanapohitajika. Nilipata kuwapeleka watu hawa hawa kwa mtoa huduma mwingine ambaye aliwaweka chini ya mkungu kwa zaidi ya saa nzima akiwasimulia habari za vyombo vya kale na aina za mafundo, na nusu ya kikundi ilikuwa kwenye simu kabla hajafika katikati. Maelezo yake yalikuwa sahihi, lakini hakukuwa na kamba hata moja mikononi mwa mtu.

Mahali nako kumechaguliwa kwa akili. Wakati wa kusi, upepo huja kutoka kusini-mashariki na kulivuka kwanza rasi la Raskazone, kwa hiyo ndani ya ghuba maji hubaki tulivu huku upepo ukiwa wa kutosha kulijaza tanga, hali ambayo kwa mtu anayejifunza haina mfano. Wakati wa kaskazi upepo huingia kupitia mlango wa ghuba na kuleta mawimbi mafupi yanayorusha maji ndani ya chombo, na hapo ndugu hawa hufupisha safari na kubaki karibu na pwani. Njia ya kawaida ni kuelekea Kisiwa cha Toten, ambacho kina magofu ya misikiti na makaburi ya kale, kukizunguka upande mmoja na kurudi, bila kwenda nje kuelekea Ulenge kwenye mnara wa taa. Njia ya meli huachwa wazi kabisa, na jambo hilo lina uzito zaidi siku hizi kwa sababu tangu gati la Bandari ya Tanga lilipoongezwa kina, meli kubwa huja kufunga gatini badala ya kupakuliwa zikiwa zimetia nanga mbali. Nahodha huwaeleza wanafunzi sababu hiyo na kuwaonyesha maboya yenyewe, na Babu, ambaye alifundisha jiografia miaka mingi, huongezea maelezo yake mpaka wauguzi wanapomwomba kwa adabu ashike kana maana zamu yake imefika.

Utaratibu wa zamu ndio unaoifanya huduma hii ilingane na kikundi changamfu. Hakuna abiria. Mmoja anashika kana, mmoja anashika demani, mmoja yuko omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, akiangalia mbele, na wa nne ana kopo la kukumbia maji. Kila baada ya dakika kumi hivi wote hubadilishana. Kazi ya kopo hudharauliwa na wengi mwanzoni, lakini ndiyo inayomfundisha mtu kuhama ndani ya ngalawa bila kuiyumbisha, na ninapendekeza kila mwanafunzi aanzie hapo. Dereva wetu wa bodaboda alikuwa mgumu wa kufundishika kwenye kana, kwa kuwa mikono yake imezoea usukani unaotii papo hapo, naye alikuwa akiisukuma kana kwa nguvu na kukifanya chombo kiandike herufi majini. Nahodha mdogo hakumnyang'anya. Alimwambia aishike kwa vidole viwili, achague mnazi mmoja pwani, na asubiri chombo chenyewe kiufuate. Baada ya muda mfupi mstari wa povu nyuma yetu ulikuwa umenyooka, na kijana alikuwa amenyamaza kimya, jambo ambalo wenzake walilizungumzia njia nzima ya kurudi.

Kugeuza tanga ndilo somo gumu, na ndilo lenye raha kuliko yote. Nahodha hukipisha chombo mpaka upepo uje kwa nyuma, mwenye demani huiachia, foromali husimamishwa karibu wima sambamba na mlingoti, mtu wa omo hulipitisha tanga mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, na demani hukimbizwa tezini, yaani nyuma ya chombo, na kukazwa upya. Mambo yote hayo hutokea katika pumzi chache, na tanga lililoachiwa hupiga kelele na kupepesuka juu ya vichwa vya watu. Fikiria watu wanne ambao hata nchi kavu hawajui kuzungumza kwa zamu, kila mmoja akitoa amri kwa wenzake wakati huo huo. Mara za kwanza demani ilikuwa ikivutwa kabla tanga halijavuka, na foromali ikibaki imekwama upande mbaya huku chombo kikielea kama jani.

Suluhisho tulilifikia pamoja na ndugu hawa, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu linaweza kumsaidia yeyote anayefundisha watu wa aina hii mchezo wowote. Tuliweka kanuni kwamba anayeshika kana ndiye pekee anayetoa amri, na wengine wote wana ruhusa ya kupiga kelele wanavyotaka mradi kelele yao iwe ni jibu la amri hiyo. Aliye kwenye kana huuliza, "Tayari?" nao huitikia, "Tayari!" Husema, "Achia!" nao huitikia huku demani ikiachiwa. Husema, "Pitisha!" kisha, "Vuta!" na kila neno hurudishwa na sauti tatu kwa pamoja. Hatukuupunguza uchangamfu wao hata kidogo. Tuliupangia mahali pa kukaa. Mama lishe wetu, ambaye sauti yake imezoea kuita oda kutoka jikoni hadi barabarani, alibainika kuwa nahodha wa asili: amri zake hazina wasiwasi, hazirudiwi, na watu humtii kabla hawajafikiri. Katika ngalawa ya pili wauguzi walizigeuza amri zile kuwa wimbo wa kuitikiana, na nahodha mkubwa, mtu mzima asiye na maneno mengi, aliuchukua wimbo huo na sasa huutumia na vikundi vingine. Mwenye huduma anayejifunza kutoka kwa wateja wake ni mtu wa kupewa heshima yake.

Shemeji ndiye aliyenipa furaha kubwa kuliko wote. Mwanzoni alikuwa ameushikilia ukingo wa ngalawa kwa mikono yote miwili, na wenzake walimtania kwamba anatafuta mlima wa kushika. Utani huo aliupokea na kuurudisha, kwa maana Msambaa hashindwi kwa maneno, lakini mikono haikuachia. Babu alikuwa amekaa mbele yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, ukingo huu hauendi popote. Shika hii," akamwekea demani kiganjani. Mtu akishika demani ana kazi ya kuangalia tanga, na akiangalia tanga hana nafasi ya kuyahesabu mawimbi. Kufikia safari za baadaye, upepo ulipokaza tukiwa tunapiga bisho, yaani tukienda kwa mshazari dhidi ya upepo, kurudi Raskazone, yeye ndiye aliyeomba kwenda kukaa nje juu ya mrengu wa upande wa joshi ili kukipa chombo uzito, miguu ikiburuzwa majini, akiiambia ngalawa ya wenzetu kwa sauti ya juu kwamba watatuona mgongo tu. Nahodha alimruhusu baada ya kuhakikisha jaketi lake limefungwa vifungo vyote na baada ya kumwonyesha mahali pa kushika.

Hilo linanileta kwenye usalama, ambao katika huduma hii umepangwa vizuri ingawa haujakamilika. Kabla ya kuondoka kila mtu huulizwa faraghani kama anajua kuogelea, na jibu lake ndilo linaloamua atakaa ngalawa ipi na karibu na nani. Swali hilo kuulizwa faraghani ni busara, kwa sababu mbele ya kikundi chenye utani mwingi mtu anaweza kusema uongo. Majaketi huvaliwa nchi kavu na hayavuliwi mpaka kurudi. Ngalawa mbili hazitengani zaidi ya umbali wa sauti kufika. Ndugu hawa hufuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi, na siku za masika wakiona wingu zito linajijenga huahirisha bila ubishi na kukupangia siku nyingine kwa malipo yale yale. Karatasi za ukaguzi wa vyombo vyao kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, wako tayari kukuonyesha ukiomba, na namshauri kila mtu aombe, kwa watoa huduma wote, maana hilo si kumkosea mtu adabu.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba saa ya safari hupangwa na maji. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, hupita mita tatu, na siku hizo maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo ngalawa zikiwa zimeachwa juu ya matope hakuna pa kwenda mpaka alasiri. Siku za maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo, hali hugeuka na safari ya asubuhi huwezekana vizuri. Mteja anayetaka kila Jumamosi saa mbili asubuhi atakatishwa tamaa, na kosa halitakuwa la nahodha.

Nije sasa kwenye kasoro. Kubwa kuliko zote ni majaketi. Yote ni ya ukubwa mmoja, na kwa mtu mwembamba hupanda mpaka kidevuni akiingia majini. Kwa mtoto hayafai kabisa. Nimewaeleza wenyewe, wakakubali, lakini hadi ninapoandika bado hawajanunua mengine, na huduma inayopokea watu kwa ajili ya kujifunza haipaswi kusubiri katika jambo hili. Filimbi pia hazipo kwenye majaketi hayo, wakati bei yake ni ndogo mno.

Mahali pa kubadilishia nguo ni kasoro nyingine, na inawaumiza zaidi wanawake. Ipo sehemu iliyozungushiwa makuti, lakini ni nyembamba, haina ndoo ya maji yasiyo ya bahari ya kujisuuza chumvi, na mlango wake ni pazia lisilofika chini. Wanawake wa kikundi changu wengi huvaa mavazi ya kujisitiri hata wakiwa chomboni, suruali pana, kanzu fupi na mtandio uliofungwa vizuri, na mavazi hayo yakilowa ni mazito na yanahitaji kubadilishwa kwa faragha na kwa nafasi. Mmoja wa wauguzi wetu aliacha kuja kwa muda kwa sababu hiyo tu. Makuti ya ziada, mlango wa mbao na pipa la maji vingetosha kabisa, na vingeleta wateja wa kike ambao kwa sasa wanaishia kuwatazama waume na kaka zao kutoka pwani.

Mawasiliano nayo yanahitaji mkono. Simu hupokelewa na mmoja wa ndugu hao pale tu asipokuwa baharini, na ujumbe huweza kukaa siku nzima bila jibu. Malipo kwa simu yanakubaliwa, lakini uthibitisho wa siku mliyopanga hutolewa kwa mdomo, na imewahi kutokea vikundi viwili vikafika kwa wakati mmoja. Daftari moja lingemaliza tatizo hilo.

Kuhusu bei, wapo watakaosema kwamba shilingi 20,000 ni nyingi kwa mtu wa kipato cha kawaida, na sitabishana nao, kwa kuwa hata katika kikundi chetu wapo wanaoweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya zamu yao. Ninachoweza kusema ni kwamba saa tatu hizo hazina dakika ambayo mtu amekaa bure, na kwamba kahawa ya mwisho, inayotolewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata pale pwani, imegeuka kuwa sehemu ya somo: hapo ndipo watu huchora mchangani kwa kidole njia waliyopita, hubishana ni nani aliyechelewa kuachia demani, na huulizana kwa nini chombo kilikataa kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Maswali ya maana kuliko yote huulizwa hapo, na manahodha hukaa kuyajibu bila kutazama saa. Wakiwa na kikundi kingine kinachosubiri, huomba radhi na kuahidi kuendelea wiki inayofuata, nao hukumbuka swali liliishia wapi.

Kwa kikundi cha watu wazima, wa kiofisi, wa kijogging, wa ukoo au wa vikoba, ambacho hakina haraka na kinapenda kelele, naipendekeza huduma hii kwa moyo wote, hasa kati ya mwezi Juni na Septemba ambapo ghuba ni tulivu na upepo unatabirika. Nendeni wanane, au wanne msipotimia. Chini ya hapo ada haimlipi nahodha na mbwembwe za ngalawa mbili kukimbizana hazipo. Vaeni viatu vya mpira kwa ajili ya mawe ya pwani, chukueni kofia yenye kamba, na acheni simu kwa mtu wa nchi kavu. Mwenye mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili asubiri mpaka majaketi madogo yanunuliwe, na aulize kuhusu majaketi hayo kila anapopiga simu, kwa sababu wakiulizwa na wengi watanunua.